Injini ya rotari kwenye gari la kujiundia: pima kompresheni kabla ya kukata chuma

SWALI: "Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Nairobi. Nimenunua Mazda RX-8 ya mwaka 2005 iliyogongwa vibaya nyuma. Injini ipo na asubuhi inawaka bila shida, lakini nikiizima ikiwa moto inakataa kuwaka mpaka ipoe. Nataka kujenga gari dogo la spoti la viti viwili, chesisi ya mabomba ya mraba, nitie injini hiyo pamoja na giaboksi yake. Makanika mmoja ananiambia niitupe nitie ya Toyota. Rafiki zangu wanasema rotari haina pistoni wala valvu kwa hiyo haiharibiki, na kwa kuwa ni 1300 tu, haitakula mafuta. Mwingine anasema niongeze tabo, ya kuisukumia injini hewa ya ziada, kwa sababu gari litakuwa jepesi. Nimsikilize nani? Na chesisi nianze lini?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza habari za chesisi, tabo na Toyota, lakini jambo zito kuliko yote umelitaja kwa kupita tu: injini inakataa kuwaka ikiwa moto. Kwa injini ya pistoni, dalili hiyo inaweza kuwa sensa, pampu ya mafuta au koili. Kwa rotari ya RX-8, fundi anayeijua akiisikia hufikiria kitu kimoja kwanza: kompresheni, yaani nguvu ya injini kubana hewa, imeshuka. Ndiyo maana ninakuomba usikate hata bomba moja kabla hujaipima. Nitakueleza namna ya kuipima, lakini kwanza uelewe kinachotokea mle ndani, kwa sababu ukikielewa, nusu ya ushauri unaopewa utauchuja mwenyewe.

Injini uliyo nayo ni ya rota mbili. Kila rota ina pande tatu, umbo lake ni kama sambusa iliyovimba, nayo huzunguka ndani ya hausingi, yaani ganda lake, ndefu iliyobonyea kidogo katikati. Ncha tatu za rota hazibanduki kwenye ukuta wa hausingi, kwa hiyo wakati wote kuna vyumba vitatu kati ya rota na ukuta. Rota inapozunguka, kila chumba hupanuka na kusinyaa: kinavuta hewa na petroli, kinakandamiza, kinawashwa, kinatoa moshi. Katika chumba kimoja moto unasukuma, cha pili kinavuta, cha tatu kinatoa, yote kwa wakati mmoja. Valvu hazihitajiki kwa sababu rota yenyewe ndiyo inayofungua na kufunga matundu inapoyapita. Shafti ya kati huzunguka mara tatu kwa kila mzunguko mmoja wa rota, kwa hiyo geji ikionyesha mizunguko 9,000 kwa dakika, rota zenyewe zinazunguka 3,000 tu. Ndiyo sababu injini hii hupanda juu bila kutetemeka, na wala sikulaumu kwa kuipenda.

Sasa tazama ncha za rota. Kila ncha ina mfereji mwembamba, na ndani ya mfereji kuna kipande cha chuma chenye unene wa milimita 2, kinachosukumwa nje na springi. Hiyo ndiyo sili ya ncha. Kazi yake ni ile ile ya pete za pistoni, lakini mazingira yake ni magumu zaidi. Pete ya pistoni hurushiwa oili kutoka chini kila wakati. Sili ya ncha huteleza juu ya ukuta uliopakwa kromu, mahali ambapo oili haifiki yenyewe, kwa hiyo kuna pampu ndogo inayochukua oili kutoka kwenye sampu, beseni la oili chini ya injini, na kuidondosha ndani ya chumba cha moto, ikaungue huko. Hata rotari isiyo na ugonjwa inakula oili kwa makusudi ya walioiunda. Mwenye gari asiyejua hilo huona oili imepungua, akadhani ni kuvuja, akaacha kuongeza. Hapo ndipo injini nyingi zimeanza kufa.

Tatizo la sili ni la zamani kama injini yenyewe. Felix Wankel na kampuni ya NSU ya Ujerumani waliwasha rotari yao ya kwanza ya majaribio mwaka 1957, na gari la NSU Ro 80 lililotoka 1967 lilipewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya, kisha likaiumiza kampuni kwa injini zilizorudishwa kwa sababu ya sili. Huko Hiroshima, Kenichi Yamamoto na timu ya wahandisi 47 wa Mazda walikuta kuta za hausingi zimechanwa mistari waliyoiita makucha ya shetani, wakahangaika nayo kwa miaka kabla ya kutoa Cosmo Sport mwaka huo huo wa 1967. Mwaka 1991 Mazda 787B ya rota nne ilishinda Le Mans, mbio za saa 24. Kwa hiyo injini hii inaweza kudumu. Inadumu mikononi mwa watu wanaojua inataka nini.

Rudi kwenye gari lako. Asubuhi oili ni nzito na inasaidia kuziba, na stata inazungusha injini ikiwa na nguvu zake zote. Injini ikiwa moto, oili inakuwa nyepesi, hewa inapenya pembeni mwa sili zilizochoka, na stata iliyopata moto inazungusha polepole zaidi. Hewa haibanwi ya kutosha, petroli haiwaki, inalowesha plagi, na baada ya hapo hata ukijaribu mara kumi hupati kitu. Ikipoa, inawaka kana kwamba haikuwa na shida. Hiyo ndiyo hadithi unayonisimulia.

Lakini si lazima iwe kompresheni. Stata dhaifu au betri iliyochoka huleta dalili hiyo hiyo, kwa sababu injini hii inahitaji kuzungushwa haraka ili ibane. Koili nazo ni ugonjwa unaojulikana wa RX-8. Zipo nne, na moja ikianza kukosa, petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuunguza kataliti, kile kisafisha moshi. Kataliti ikiyeyuka inaziba, joto linarudi ndani ya injini na kuzipiga sili. Koili isiyo ghali imeua injini nzima mara nyingi sana. Kwa hiyo kabla ya kipimo, weka betri nzuri, hakikisha stata iko sawa, toa koili na plagi uzikague.

Kuna kipimo cha kwanza unachoweza kufanya mwenyewe leo. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na plagi za umeme za koili. Kila rota ina plagi mbili, moja juu na moja chini. Toa moja kwenye rota ya mbele, mwambie mtu azungushe stata, wewe weka sikio karibu. Unapaswa kusikia mipumuo mitatu inayolingana ikijirudia, mmoja kwa kila upande wa rota. Ukisikia mmoja au miwili inapwaya huku mingine ina nguvu, kuna sili iliyovunjika au kukwama. Rudia kwa rota ya nyuma. Mipumuo ikilingana lakini yote ni minyonge, injini imechakaa yote kwa pamoja.

Masikio hayatoshi kuamulia pesa, hata hivyo. Unahitaji kipimo maalumu cha rotari kinachoandika namba ya kila upande, sita kwa jumla, pamoja na kasi ya kuzungushwa. Geji ya kawaida ya pistoni hukamata upande wenye nguvu kuliko wote na kukuficha ulio mbovu. Kwa injini yako, kiwango cha Mazda ni kilopaskali (kPa) 830 kwa injini yenye afya, na isipungue 680, ikizungushwa mara 250 kwa dakika.

Na hapa wenzetu wengi wa bara hukosea. Namba hizo ni za hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na mgandamizo wa hewa yake ni kama asilimia 82 ya ule wa Mombasa. Injini inayosoma 830 pwani itasoma karibu 680 Nairobi, ingawa haina ugonjwa wowote. Ukisoma 600 hapo ulipo, ni sawa na 730 hivi pwani: imetumika, lakini haijafa. Ukisoma chini ya 560, basi imeshuka chini ya kiwango kwelikweli. Mtu asikutishe kwa kusoma kitabu cha Japani bila kukumbuka mwinuko. Vivyo hivyo kwa nguvu: injini ya nguvu farasi 250 isiyo na tabo, kwenye hewa ya Nairobi, utegemee kama 205. Kwenye gari jepesi, hizo ni nyingi mno.

Sasa rafiki zako. Ni kweli haina pistoni wala valvu. Lakini injini yenye vitu vichache inaweza kuharibika kwa vitu hivyo vichache, na hapa kuna kingine nje ya sili. Injini imepangwa kwa matabaka: sahani za chuma cha kusubu na hausingi za alumini zikipishana, zimebanwa pamoja kwa bolti ndefu, na kati yake kuna sili za mpira zinazozuia maji. Alumini na chuma havitanuki sawa. Ikichemka mara moja vibaya, hausingi hupinda, mpira huungua, maji yakaingia ndani. Injini nyingi za Toyota zimechemka, zikabadilishwa gasketi na kurudi barabarani. Rotari mara nyingi haitoi nafasi hiyo. Na ukuta wake wa kromu ukichubuka, huwezi kuupeleka kwa mchongaji ukatobolewa na kuwekewa sleevu kama bloku ya kawaida. Hausingi hununuliwa nyingine.

Kuhusu 1300: kila chumba kina sentimita za ujazo 654, na ukizidisha kwa rota mbili unapata 1,308. Lakini kila rota hupiga moto mara moja kwa kila mzunguko wa shafti, wakati silinda ya pistoni hupiga mara moja kwa mizunguko miwili. Kwa hewa inayovutwa, injini yako inalingana na ya lita 2.6. Hata serikali ya Japani, inapotoza kodi ya magari, huzidisha ukubwa wa rotari kwa 1.5. Isitoshe, chumba cha moto ni kirefu na chembamba, kina ukuta mwingi wa kupoteza joto, na petroli iliyo kwenye kona haiungui yote. Matokeo yake RX-8 ya kawaida hutumia takriban lita 13 kwa kilomita 100, yaani kama kilomita 7.7 kwa lita. Gari lako jepesi litapunguza kidogo, ila usilijenge kwa kutegemea kubana mafuta.

Tabo, hapana. Mimi nazipenda rotari zenye tabo, na RX-7 ya mwisho ilitoka kiwandani na mbili. Lakini ile ilikuwa na uwiano wa mgandamizo wa 9.0 kwa 1 na matundu ya ekzosi kwenye ukuta wa hausingi. Yako ina 10.0, na matundu ya ekzosi yako kwenye sahani za pembeni. Ukiisukumia hewa bila kompyuta ya kuipanga na mtu anayejua kuipanga, petroli italipuka kabla ya wakati wake na sili itavunjika kwa sekunde moja. Vipande vyake hupita kwenye ukuta wa kromu na kuukwaruza vikitoka nje. Gari la kilo 700 lenye nguvu farasi 200 linashinda uwezo wa madereva wengi. Jenga kwanza, lijue, halafu ndipo ufikirie zaidi.

Makanika wako wa Toyota hakukosea, ingawa labda alikosa kukueleza sababu. Injini ya 3S-GE iliyo kwenye Altezza RS200 imekaa kwa urefu kama yako, inaendesha magurudumu ya nyuma, ina giaboksi ya gia sita na nguvu farasi 210. Vipuri na mafundi wake ni rahisi kupata kuliko vya rotari. Kama unachotaka ni gari la kuendesha kila wikendi kwa gharama unayoitabiri, hiyo ndiyo njia ya busara na singekucheka. Rotari ina faida moja ya kweli kwa mjenzi: ni fupi na iko chini. Utaisukuma nyuma ya ekseli ya mbele, uzito ukae katikati, na pua ya gari ibaki chini. Gari la namna hiyo hugeuka vizuri sana. Na kuna sauti yake, ambayo sina la kuieleza. Nikiwa na fundi wa kuaminika na pesa za kuifanyia ovahoo sawasawa, ningechagua rotari. Bila kimoja kati ya hivyo, ningechagua Altezza.

Kwa hiyo namba za kompresheni ndizo zitakazokuamulia. Zikiwa nzuri, tumia injini ulivyoipata. Zikiwa mbovu, usishawishike kununua nyingine ya mtumba iliyofungwa kwa nailoni, hata kwa bei ya kutupa, kama muuzaji hakubali kuizungusha mbele yako na kukupa namba sita. Ukiamua kuifungua, ovahoo ipigwe na mtu aliyewahi kufungua rotari, kwa sili mpya, springi mpya na mipira mipya yote. Usitegemee pia kuagiza RX-8 nyingine nzima kutoka nje kwa ajili ya vipuri: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na RX-8 ya mwisho ilitengenezwa 2012. Utatafuta zilizokwisha ingia.

Usiivunje RX-8 kabla haijawaka na kutembea vizuri ikiwa nzima. Ukitoa injini yenye tatizo na kuiweka kwenye gari jipya lenye waya ulizounga mwenyewe, hutajua kosa ni la nani. Unapoivunja, toa waya zote kama zilivyo, bila kukata, pamoja na kompyuta, ufunguo wake na kiboksi cha mfumo wa kuzuia wizi, kwa sababu vitu hivyo hujuana. Chukua pedali, stelingi yenye shafti inayokunjika ajalini, habu, breki, difu na propela shafti.

Upozaji ndio utakaoamua kama gari litaishi, na pua nyembamba ya gari la mabomba ndiyo adui. Kwenye RX-8 rejeta ni pana, na kuna rejeta za oili kwenye kona za mbele. Injini za nguvu kubwa zilikuwa nazo mbili. Usizipunguze. Oili ndiyo inayopoza rota kwa ndani, kwa hiyo rejeta ya oili ina kazi sawa na ya maji. Funga nafasi zote pembeni kwa bati ili hewa inayoingia kwenye pua isiwe na njia nyingine ila kupita ndani ya rejeta, na iwe na mahali pa kutokea. Weka feni mbili zenye nguvu, maana msongamano wa Mombasa Road saa kumi na moja jioni hauna upepo. Na usiamini geji ya joto ya kiwandani. Imetengenezwa ikae katikati kwa muda mrefu, ikianza kupanda umechelewa. Tia geji zenye sensa zake, moja ya maji, moja ya joto la oili, moja ya presha ya oili, na ujiwekee sheria kwamba maji yakifika nyuzijoto 110 unazima injini hapo hapo ulipo.

Ekzosi ya rotari ni moto kuliko uliyozoea, kwa sababu petroli huendelea kuungua ikiwa tayari imetoka. Iweke mbali na mabomba ya mafuta na breki, na uikinge kwa bati la joto popote inapopita karibu na faiba au mguu wa abiria.

Kuhusu chesisi sitakufundisha kuchomelea, lakini kuchomelea geti na kuchomelea chesisi si kazi moja. Mabomba ya mraba ya milimita 25 yenye unene wa 1.5 ndiyo yaliyozoeleka kwa magari ya namna hii tangu watu walipoanza kuiga Lotus Seven, gari dogo jepesi la spoti, lile la Colin Chapman la mwaka 1957. Nguvu inatokana na pembetatu. Kila mstatili mkubwa usio na bomba la kukata kona utapinda, hasa pale injini na springi zinapofungwa. Tumia MIG au TIG, kwa sababu elektrodi kwenye chuma chembamba namna hiyo huacha mashimo na mshiko wa juu juu. Chomelea vipande vya majaribio, uvipige nyundo mpaka vivunjike: kikivunjika kwenye mshono badala ya bomba, rekebisha mashine. Sehemu ya kufungia mikanda na mikono ya sasupensheni iwe na bamba nene zaidi. Tangi la petroli lililowahi kutumika usilichomelee hata ukiliosha, nunua jipya.

Chesisi uianze baada ya kuamua injini ipi, kisha uweke injini na giaboksi yenyewe juu ya meza ya kujengea ili upate nafasi kamili ya klachi, stelingi na ekzosi. Ukiibuni kwa rotari halafu ukaleta Altezza, utakata nusu yake.

Kabla ya kutumia pesa nyingi, fika ofisi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ujue gari lililojengwa upya linasajiliwa na kukaguliwa kwa utaratibu gani, na uwe na majibu hayo kwa maandishi. Hifadhi karatasi za RX-8, namba ya chesisi na namba ya injini. Muulize na wakala wa bima mapema, kwa sababu gari lisilo na bima litabaki gereji. Na hata kama unajiamini, mwite mhandisi wa mitambo akague chesisi ikiwa bado haijapakwa rangi, pamoja na mfumo wa breki, kabla hujaketi ndani yake na kutembea.

Likishaanza kutembea, pima oili kila mara ya pili unapojaza petroli. Ongeza kwenye tangi mililita 5 hivi za oili ya injini za mipigo miwili kwa kila lita ya petroli, ile yenye alama ya JASO FD, na uache pampu ya oili ya kiwandani iendelee kufanya kazi yake. Usiwashe gari kulisogeza mita tatu kisha ukalizima likiwa baridi, maana petroli italowesha plagi. Ikitokea, kanyaga pedali ya petroli mpaka chini huku ukizungusha stata: kompyuta itakata mafuta na upepo utakausha plagi.

Ukishapata namba sita za kompresheni, niandikie ukiniambia pia kasi ya kuzungusha na mahali ulipopimia, nitakwambia kama ningefungua injini hiyo au ningeitumia hivyo hivyo.